Tanzia ya Simu Iliyozama Ndooni

Igowole, Mufindi
20 Februari 2025

Mama Nusrat mpendwa,

Kamwene!

Kwa masikitiko makubwa, mimi Faustina, mjane, fundi cherehani wa Igowole na mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya ya parokia, natangaza kifo cha simu yangu kilichotokea ghafla Jumatatu jioni katika ndoo ya kufulia. Marehemu alikuwa na kioo kilichopasuka na betri iliyovimba, lakini alikuwa mvumilivu. Ameacha chaja moja. Tulimlaza kwenye mchele kwa siku kadhaa, maana wanasema mchele hufufua simu. Hakufufuka, na mchele sasa unanuka sabuni. Bwana alitoa, ndoo imetwaa.

Basi tutaandikiana kama wasichana wa bweni. Barua nitampa konda wa basi la Mafinga, naye atamkabidhi mwenzake wa Mbeya. Wewe fanya hivyo hivyo. Usicheke. Ulikuwa jirani yangu pale Soweto miaka yote ile mume wangu alipokuwa hai, unajua mwandiko wangu, hautakupa taabu.

Najua utauliza, kwa hiyo najibu kabla. Tangu Krismasi, waliponibeba kutoka kanisani kunipeleka zahanati, sijanunua pombe. Niandike kwa herufi kubwa ukamwonyeshe na Baba Nusrat: SIJANUNUA POMBE. Nesi Esta wa hapa zahanati ni shahidi. Presha imeshuka, uso umepungua uvimbe, mpaka gauni langu la kitenge ulilonipa linanizunguka sasa badala ya kunishika.

Sasa ombi. Mwanangu Eveline anatarajia kujifungua mwishoni mwa mwezi wa tatu. Wewe uko naye huko huko Mbeya, Soweto na Iyunga ni pua na mdomo. Unajua kwetu mtoto wa kwanza huogeshwa na bibi mzaa mama. Ukifika kwa mzazi ukakuta beseni limeshikwa na mtu mwingine, hata kama hakuna aliyesema neno, neno lipo. Mwanangu hajaniambia nije. Hajaniambia nisije pia. Ameninyamazia kiungwana, kama mtu anavyomnyamazia mgeni aliyekaa kwenye kiti kibovu.

Niombee kwake. Wewe anakusikiliza.

Wako,
Faustina (Mama Evi)


Soweto, Mbeya
27 Februari 2025

Mama Evi,

Salaam. Nimeipokea tanzia. Matanga nimeyakaa peke yangu hapa dukani, katikati ya vitenge, na wateja wakauliza Mama Nusrat anacheka nini peke yake. Mungu amlaze simu mahali pakavu.

Nimekwenda Iyunga. Mwanao ana tumbo la kutangulia mlangoni. Mkwe wako Gwakisa amenunua beseni, rangi ya waridi, amelitundika ukutani kama picha ya harusi. Nikakaa, nikanywa chai, nikazunguka weee, mwisho nikatua. Nikamwambia, "Mama yako anataka kuja."

Alilitazama beseni ukutani. Halafu akasema hivi, nakuandikia kama alivyosema maana sikuweza kulisahau njia nzima: "Mama mkubwa, mimi mama yangu wa asubuhi nampenda sana. Wa jioni simjui."

Nikasema umeacha. Akasema, "Hata kwenye sendofu yangu alisema ameacha." Hebu fikiria, shoga yangu. Wewe na mimi tunajua ile maiki uliyomnyang'anya MC iliishia wapi, na wewe uliishia wapi, na wakwe wa Tukuyu walikuwa wamekaa mstari wa mbele. Anasema hiyo video bado inazunguka kazini kwa Gwakisa.

Mwishowe akaniambia, "Kama wewe unamdhamini, aje." Nikamdhamini. Nimesema kwa kinywa changu, Wallahi mama yako ni mzima. Ramadhani inaingia Jumapili na sitaki kufunga nikiwa na uongo umekaa ulimini. Kwa hiyo nakuuliza mara moja, nami nitaamini utakachojibu: ni kweli?

Na kwa nini usiazime simu ya jirani hata kwa dakika mbili? Nimezoea kusikia sauti yako. Barua haikohoi, haicheki, haivuti pumzi. Nakusoma lakini sikusikii.

Mimi,
Mwanaidi


Igowole
9 Machi 2025

Mama Nusrat, mfungaji wangu,

Ramadhani karimu, nasi huku Jumatano tumepakwa majivu. Mwaka huu tunafunga pamoja, wewe na mimi, Mungu ametukamata wote kwa wavu mmoja.

Simu ya jirani? Jirani ni Ambrosi, mgema wetu, na simu yake anaipenda kuliko mkewe. Hata mkewe akitaka kumpigia huazima kwingine.

Uliuliza ni kweli. Nakujibu tena: sijanunua pombe hata kikombe. Nenda ukafunge kwa amani.

Jana ilikuwa Siku ya Wanawake. Zahanati walipima presha na matiti bure, na Nesi Esta akashika maiki. Huyu binti mfupi, lakini akishika maiki anarefuka. Akasema, "Akina mama, kikombe alichokunywa mumeo na kikombe hicho hicho ukinywa wewe, si kikombe kimoja. Mwili wako una maji machache kuliko wake, pombe inakukuta haijachanganywa." Akasema inavimbisha ini letu mapema kuliko la wanaume, inaongeza hatari ya saratani ya matiti, na kwa sisi ambao hedhi imetuaga, inakula mifupa ambayo tayari umri umeanza kuila. Wanawake wakageuka kunitazama. Wote, Mama Nusrat! Kama vile nimepakwa majivu mara ya pili. Nikapiga makofi kuliko mtu yeyote, ungedhani mimi ndiye niliyemwalika.

Lakini mazoezi nafanya. Kila asubuhi natembea ile njia ya kupita mashamba ya chai, kwenda na kurudi. Wachuma chai wananiita Mama Riadha. Nakula mboga, nakunywa maji, nalala. Tatizo ni moja: juzi juzi niliteleza kwenye tope nikaangukia mkono wa kushoto. Mfupa umepata ufa, nimefungwa bandeji ngumu. Mvua za huku unazijua. Ndiyo maana kigauni cha mtoto ninachotuma hapa kina mishono iliyolewa kuliko fundi. Nacheka, usinikasirikie.

Natuma pia dumu dogo la mtogwa kwa ajili ya Eveline. Usishtuke! Huu ni ulanzi wa asubuhi, ule mtamu, umetoka kwenye mwanzi saa hiyo hiyo. Si pombe. Huku hata watoto wanaunywa wakienda shule, ni kama juisi. Bibi zetu walimpa mjamzito ili maziwa yasichelewe. Ambrosi amegema mwenyewe alfajiri. Konda atakupigia ukauchukue stendi ya Nane Nane, umpelekee mwanangu, umwambie mama yako wa asubuhi anakusalimu.

Wako katika majivu,
Faustina


Soweto
14 Machi 2025

Faustina,

Nimejaribu kuandika barua hii nikiwa nimekasirika, nikachana. Nikajaribu nikiwa nacheka, nikachana. Hii ni ya tatu, sijui nimekuwaje.

Konda alinipigia jana baada ya Alasiri. Nikaenda na baibui langu jipya, lile nililojiwekea la kuendea tarawehe. Nafika, nakuta watu wamelizunguka dumu lako kwa mbali, kama vile linaweza kuuma. Limevimba mpaka haliwezi kusimama. Konda ananiambia, "Mama, mzigo ulilala Mafinga siku kadhaa, na tangu Makambako unaimba."

Nikasema ni juisi ya mwanangu mjamzito. Nikashika kifuniko.

Faustina, lilinipiga kuanzia ushungi mpaka viatu. Stendi nzima iligeuka. Mtu mmoja akasema, "Eeh, ulanzi wa Mufindi huo, umekomaa!" Bodaboda wa kwanza akanikataa. Wa pili akanibeba na njia nzima akawa ananiita Mama Haji kwa sauti ya kunihurumia. Nimefika nyumbani dakika chache kabla ya futari, mume wangu Iqbal yuko mlangoni na tende mkononi. Akanusa. Akasema taratibu, "Mwanaidi, hata kungoja Idi umeshindwa?"

Sawa, hilo tutalicheka tukizeeka. Lililobaki kwenye dumu nililimwaga mtaroni pale pale.

Lakini nimekwenda kwa mkunga anayemhudumia Eveline, nikamuuliza kama mjinga, maana katika jambo hili mimi ni mjinga, sijawahi kuonja. Akaniambia ulanzi huanza kuchacha tangu unadondoka kwenye mwanzi. Unakuwa na pombe ukiwa bado mtamu, mwanzoni kidogo, na kila saa unaongezeka. Akasema mjamzito hapewi hata tone, linafika kwa mtoto. Na kwamba pombe haileti maziwa, inayapunguza. Hao bibi zetu, akasema, walilea licha yake, si kwa sababu yake.

Kisha akaniuliza swali: "Huyo bibi mtarajiwa, yeye mwenyewe anaunywa?"

Nilikisoma tena kigauni. Ile si mishono ya mtu aliyefungwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ndio unaosukuma kitambaa, wa kushoto unaongoza tu, nimekuona ukishona miaka. Ile imekwenda kama barabara ya Kitonga, kona juu ya kona. Ni mikono inayotetemeka.

Nilimdhamini mtu. Ni nani niliyemdhamini?

Sikumficha Eveline. Barua yake iko ndani ya hii.

Mwanaidi


Iyunga
14 Machi 2025

Shikamoo Mama,

Nilikuwa nimeshaandaa glasi. Mama mkubwa alikuwa ameniambia mzigo wako unakuja, nikaosha glasi, nikaiweka mezani, nikakaa. Nilikuwa nautamani ule utamu tangu mimba ilipoingia. Kliniki wamenikataza pombe mwanzo kabisa, na sijagusa, lakini huo ningeunywa bila kuuliza, kwa sababu umetoka kwako.

Sikuulizi kuhusu dumu. Nimekulia likizo zangu zote hapo Igowole, naujua ulanzi. Swali langu ni jingine, na unaweza usinijibu. Ule wa kwako, Mama, huwa unaumaliza asubuhi?

Mama yake Gwakisa anakuja kutoka Tukuyu. Yeye ndiye atakayeogesha.

Mkono upone haraka.

Mwanao,
Eveline


Igowole
29 Machi 2025

Mama Nusrat,

Barua hii ukishaisoma, msomee na Eveline. Usiruke mahali. Mahali ambapo utataka kuruka ndipo hasa nimeandika kwa ajili yake.

Habari ya mjukuu nimeipata kwa konda. Alitoa kichwa dirishani mbele ya wauza njegere wote, akapiga kelele, "Mama Riadha, hongera, msichana! Wote wazima!" Watu wakanishangilia, wakanipigia vigelegele, mama mmoja akaniuliza, "Unaondoka lini kwenda kuogesha?" Nikasema kesho. Nimekuwa nikisema kesho tangu siku hiyo, na sasa nikienda sokoni napita njia ya nyuma.

Basi, hivi ndivyo ilivyokuwa.

Simu haikufa. Ndoo ilikuwapo, simu haikuwamo. Nimeizima na kuifungia kwenye kabati la vitambaa, kwa sababu wewe, ukinisikia nikisema "haloo" tu, unajua. Ulishaniambia siku moja jioni, "Mama Evi, ulimi wako leo una viatu, unaburuza maneno." Nilicheka, nikakata simu, na kuanzia hapo nikaona barua zina adabu zaidi. Karatasi haina ulimi. Nilikuwa nakuandikia asubuhi, siku zote asubuhi.

Sijanunua pombe tangu Krismasi. Hilo ni kweli, na ndilo baya kuliko yote. Nilinunua mtogwa kwa Ambrosi alfajiri, mtamu, halali, wa watoto wa shule. Nikanywa kikombe mbele yake ili aone. Halafu nikabeba jagi lililojaa nyumbani, nikalifunika kwa kitambaa safi, nikaliweka karibu na jiko penye joto, nikakaa kushona na kusubiri. Mimi mtoto wa Igowole, niliyezaliwa chini ya mianzi, sijui jioni jagi lile linakuwa nini? Tunaliita mkangafu, na jina lenyewe linakukunja uso. Mimi sikuwa nanunua pombe, Mwanaidi. Nilikuwa nanunua juisi na kuipa muda.

Kwa hiyo Evi, mwanangu: hapana. Sikuwa naumaliza asubuhi. Hata siku moja.

Matembezi ya mashamba ya chai ni ya kweli. Sikusema tu yanaishia wapi. Ambrosi anakaa mwisho wa njia ile.

Mkono. Hapakuwa na tope, siku hiyo jua lilikuwa linawaka. Nilianguka kizingitini mwangu mwenyewe, jioni, nikiwa na jagi. Na nisikilize vizuri: nilipoona naanguka, nililiinua jagi. Mkono wa kushoto ukaenda chini kupokea mwili mzima, wa kulia ukabaki juu. Hakikumwagika hata kijiko. Nililala pale nasikia mfupa umelia, na jambo la kwanza nililofikiri ni, Afadhali. Mke wa Ambrosi alinikuta hivyo, chali, nimeshika jagi kama Sanamu ya Uhuru. Hakucheka. Angecheka ningepona haraka.

Sasa dumu. Hapa ndipo nilipochana barua nyingi kuliko wewe. Ambrosi aliniletea mtogwa safi kabisa kwa ajili ya Evi, alfajiri, dumu limejaa mpaka shingoni. Akaniambia nisikaze kifuniko, nimpe konda wa basi la kwanza. Basi la kwanza lilichelewa. Nikakaa na dumu. Nikaonja kuhakikisha. Nikahakikisha tena. Basi lilipopiga honi dumu lilikuwa limepungua na nikaona aibu kumtumia mwanangu dumu nusu. Nikakimbia ndani, nikalijazia kwa ule wa jana. Nikakaza kifuniko kwa nguvu ili usinuke. Hivyo ndivyo lilivyoimba tangu Makambako.

Nilimtumia mwanangu mjamzito pombe, kwa sababu ya aibu ya dumu nusu. Na yeye alikuwa ameosha glasi.

Niliposoma neno hilo, la glasi, nilivaa viatu nikaenda zahanati. Ilikuwa jioni, na sikuwa mzima. Nilitaka Nesi Esta anione hivyo hivyo, mguu upande, maana asubuhi nyingi nilikuwa nimeshamdanganya vya kutosha. Aliniangalia akasema, "Karibu, Mama. Leo ndiyo umekuja." Nikamwambia naacha sasa hivi, leo leo, najifungia ndani. Akasema, "Thubutu. Mwili uliozoea ukiunyang'anya ghafla ukiwa peke yako, unaweza kukuangusha kwa kifafa." Akanipa rufaa ya hospitali Mafinga, nikalazwa. Nimetetemeka huko mpaka kitanda kikalia. Wamenipa dawa, vitamini, uji, maji, uji tena. Kitanda cha pili palikuwa na mwalimu wa shule, mtu wa heshima zake, anatetemeka kama mimi. Tulitazamana siku nzima bila kusalimiana, kisha akasema, "Wewe wa ulanzi au wa viroba?" Nikasema wa juisi. Tukacheka mpaka muuguzi akaja.

Ini limevimba, lakini daktari anasema likiachwa lipumzike linaweza kurudi. Mifupa nimeambiwa niitafutie dagaa, maziwa na jua, na nitembee. Natembea, ila nimebadili njia, napanda upande wa kanisa. Hakuna chai upande huo, kwa hiyo hakuna anayeniita Mama Riadha.

Nimekwenda kwa Ambrosi pia, mchana, wateja wakiwapo. Nikamwambia asiniuzie tena. Akaniuliza, "Hata wa asubuhi, Mama?" Nikasema hasa wa asubuhi.  Mzee mmoja akasema, "Sasa huyu anataka kufa na kiu." Nilitamani ardhi inimeze, na ardhi ya Igowole haimezi mtu, inamtelezesha tu.

Mwanaidi, nilikufanya uape uongo ukiingia mfungoni. Hilo sijui linalipwaje kwenye dini yako, wala kwenye yangu. Baibui litume, nitalifua mwenyewe kwa mkono mmoja. Mwambie Baba Nusrat mkewe hajawahi kuonja, ila alifuturishwa na rafiki mjinga. Idi njema.

Eveline, beseni siliombi. Mama Gwakisa aogeshe, ana mikono iliyotulia, nami namshukuru. Sikuombi uniamini pia, kuamini kwako nimeshakutumia vibaya.

Naomba kitu kimoja. Simu nimeitoa kabatini, nimeichaji. Nipigieni, wewe au Mama mkubwa, siku yoyote mtakayotaka, bila kuniambia mapema. Lakini msipige asubuhi. Asubuhi kila mtu ni mtakatifu. Pigeni jioni, jua likishazama, saa ile mtu wa jioni anapokuja. Nikisema haloo, sikilizeni ulimi. Ukiwa na viatu, kateni, wala msinieleze kwa nini.

Ukiwa hauna, mwekeni mtoto karibu na simu nimsikie akilia.

Namba ni ile ile.

Faustina